Tuhesabu Vizuri Miguu ya Wagonjwa wa Kisukari

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Nduguti, Wilaya ya Mkalama)



Leo hatukuja kuzungumza habari za alizeti wala vitunguu. Tumekuja kuzungumza habari za miguu yetu. Tena tumekuja kufanya hesabu. Kalamu na madaftari mliyokuja nayo yawekeni tayari.

Kuna maneno tunayoyasikia mara nyingi vijijini. Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari anapata kidonda mguuni. Anaambiwa aende hospitali kwenye kliniki ya miguu, kwa wataalamu. Jirani anamwambia, "Wee, usiende huko. Huko kazi yao ni kukata tu. Fulani alikwenda na miguu miwili, akarudi na mmoja." Mgonjwa anaingiwa na hofu. Anabaki nyumbani, na kidonda nacho kinabaki naye.

Sisi wa elimu ya watu wazima hatutasema kwamba jirani huyo ni mwongo. Inawezekana ni kweli fulani alikatwa mguu. Lakini habari ya mtu mmoja siyo hesabu. Sasa basi, sisi tuliojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, tutajibuje maneno hayo? Tutayajibu kwa maswali manne. Lakini kwanza tuujue ugonjwa wenyewe.

KISUKARI KINAHARIBUJE MGUU?

Kisukari ni ugonjwa wa sukari kuzidi katika damu. Sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu. Hiyo ndiyo mishipa inayotuambia kwamba hapa pana mwiba, hapa pana moto. Ikiharibika, mguu unakufa ganzi. Mtu anachomwa na mwiba wa mgunga wala hana habari. Anakwenda nao shambani na kurudi. Jioni akivua katambuga ndipo anaona damu.

Sukari nyingi huharibu pia mishipa ya damu. Damu haifiki vizuri miguuni, na kidonda kinachelewa kupona. Vijidudu vinaingia. Nyama inaanza kuoza na kuwa nyeusi. Wengi wetu tunaita donda ndugu.

Maumivu ni kengele ya mwili. Mtu mwenye mguu wenye ganzi hana kengele. Madaktari wa Dar es Salaam waliandika mwaka 2005 habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala. Wengine hawakusikia kitu. Walipoamka asubuhi ndipo walipoona vidonda. Jamani, sisi tunaolala nyumba moja na magunia ya mtama na alizeti tunawajua panya. Habari hiyo si ya watu wa mbali.

Tena ugonjwa huu si wa matajiri wa mjini peke yao. Mwaka 1989 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 katika kila watu wazima 100. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima wa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64. Safari hii waliokutwa na sukari nyingi katika damu walikuwa kama 9 katika kila watu 100. Umri wa watu waliopimwa haukuwa sawa, na safari ya pili watu wa mijini nao walikuwamo. Kwa hiyo tusizichukue hesabu hizi mbili kama magunia mawili yaliyopimwa kwa mzani mmoja. Hata hivyo, zinatuonya kwamba ugonjwa uliokuwa haba sasa umo kati yetu.

SWALI LA KWANZA: KATI YA WANGAPI?

Hebu andikeni hesabu hii. Siyo hesabu ya hospitali yoyote. Ni mfano wetu wa kujifunzia.

Hospitali ya kwanza ilipokea wagonjwa 50 wenye vidonda vya kisukari miguuni. Waliokatwa mguu ni 5.

Hospitali ya pili ilipokea wagonjwa 400 wenye vidonda kama hivyo. Waliokatwa mguu ni 8.

Ni hospitali ipi iliyokata zaidi? Mtu wa haraka atasema ya pili, maana 8 ni zaidi ya 5. Lakini tufanye kama tulivyojifunza darasani. Watu 5 kati ya 50 ni sawa na watu 10 katika kila 100. Watu 8 kati ya 400 ni sawa na watu 2 katika kila 100. Kumbe katika hospitali ya pili hatari ya kupoteza mguu ni ndogo mara tano!

Mkulima anajua jambo hili. Ukimwambia umevuna magunia 10, atakuuliza kwanza, "Katika ekari ngapi?" Magunia 10 katika ekari moja ni sifa. Magunia 10 katika ekari 20 ni njaa. Vivyo hivyo, mtu akikuambia, "Pale wamekatwa watu 8," mwulize, "Kati ya wangapi?" Asipojua, hajakupa hesabu. Amekupa hofu tu.

SWALI LA PILI: KIMEKATWA NINI?

Kukatwa kidole kimoja cha mguu siyo sawa na kukatwa mguu juu ya goti. Aliyekatwa kidole anaweza kutembea, kulima na kuchota maji. Aliyekatwa juu ya goti atahitaji magongo au mguu wa bandia, na maisha ya nyumba nzima yatabadilika.

Wataalamu huandika mambo haya katika safu mbili. Safu moja ni ya kukata sehemu ndogo, yaani kidole au sehemu ya unyayo, chini ya kifundo cha mguu. Safu ya pili ni ya kukata sehemu kubwa, yaani juu ya kifundo. Ni lazima safu hizi zitenganishwe. Mara nyingine daktari hukata kidole kilichooza kusudi auokoe mguu mzima. Kliniki nzuri inaweza kuwa na hesabu kubwa ya vidole na hesabu ndogo ya miguu. Mtu akizichanganya pamoja, ataiona kliniki nzuri kuwa ni mbaya.

Tena lazima tujue kama tunahesabu watu au tunahesabu visu. Mgonjwa mmoja anaweza kukatwa kidole mwezi wa tatu, na sehemu nyingine ya mguu huo huo mwezi wa tano. Huyo ni mtu mmoja aliyepasuliwa mara mbili. Ukimwandika kama watu wawili, hesabu imeharibika.

SWALI LA TATU: WALIFIKA LINI, WAKIWA NA HALI GANI?

Ukienda kwa fundi wa baiskeli utakuta baiskeli mbovu nyingi. Hii imevunjika fremu, ile imepinda gurudumu. Je, fundi ndiye aliyeziharibu? Hapana. Zilikwenda kwake kwa sababu zilikuwa mbovu.

Kliniki ya wataalamu wa miguu nayo ni hivyo. Wenye vidonda vidogo hutibiwa zahanati. Wenye vidonda vibaya hupelekwa kwa wataalamu. Basi si ajabu kwamba kwa wataalamu ndiko wanakoonekana waliokatwa. Si haki kulinganisha kliniki hiyo na zahanati inayofunga michubuko. Tulinganishe vidonda vibaya na vidonda vibaya, na vidogo na vidogo.

Sasa andikeni mfano wa pili. Huu nao ni wa kujifunzia. Mwaka wa kwanza wilaya fulani haina kliniki ya miguu. Wagonjwa 20 wenye vidonda wanafika hospitali, na 4 wanakatwa mguu. Mwaka wa pili kliniki inafunguliwa. Habari inaenea. Wanafika wagonjwa 100. Kati yao 6 wanakatwa mguu, na wengine 9 wanakatwa kidole.

Mtaani watu watasema, "Mwaka jana walikatwa 4, mwaka huu 15! Kliniki hii ni hatari." Wewe uliyejifunza hesabu utasemaje? Utasema: mwaka wa kwanza miguu 4 kati ya watu 20, yaani 20 katika kila 100. Mwaka wa pili miguu 6 kati ya watu 100. Hatari imeshuka kutoka 20 mpaka 6.

Lakini ngojeni kidogo, msiishangilie kliniki upesi. Inawezekana mwaka wa kwanza walifika wale waliozidiwa tu, na mwaka wa pili wakaja hata wenye vidonda vidogo. Kama ni hivyo, hesabu ingeshuka hata kama matibabu ni yale yale. Ndiyo maana ni lazima kuandika hali ya kidonda siku mgonjwa alipofika. Tena mwaka mmoja hautoshi. Sisi watu wa Singida hatusemi ukame umekwisha kwa sababu ya masika ya mwaka mmoja. Tunaangalia miaka mingi.

Ndivyo walivyofanya katika mji wa Ipswich huko Uingereza. Walihesabu kwa miaka 11 mfululizo, mpaka mwaka 2005, huku wataalamu mbalimbali wakishirikiana kutunza miguu ya wenye kisukari. Mwanzoni, katika kila watu 10,000 wenye kisukari, waliokatwa sehemu kubwa ya mguu kwa mwaka walikuwa zaidi kidogo ya 36. Mwishoni walikuwa karibu 7. Angalieni, hapa "kati ya wangapi" ni watu wote wenye kisukari, si wenye vidonda tu. Kwa hiyo hesabu hii msiilinganishe na mifano yetu ya darasani. Ichukueni kama ushahidi kwamba miguu inaweza kuokolewa, na kwamba kuhesabu kwa uaminifu ndiko kulikoonyesha hivyo.

SWALI LA NNE: AMBAO HAWAKUKATWA, WAKO WAPI?

Swali hili ni zito, nasi tunaomba mlisikilize kwa makini.

Mtu akisema, "Wagonjwa 10 hawakukatwa miguu," tunafurahi. Lakini tuulize: je, walipona? Au walikataa kukatwa wakafariki? Aliyekufa na miguu yake miwili ataandikwa kwamba hakukatwa. Kwenye karatasi ataonekana kama ushindi. Nyumbani kwake kuna msiba.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 1997 na 1998 madaktari wa Dar es Salaam waliwafuatilia wagonjwa wa kisukari waliolazwa hospitali wakiwa na vidonda miguuni. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hao walikatwa. Lakini kundi lililokufa zaidi lilikuwa lile la wenye vidonda vibaya sana ambao hawakupasuliwa. Katika kundi hilo zaidi ya nusu walifariki humo humo hospitalini.

Ndugu zangu, tuielewe hesabu hii. Haisemi kila mwenye kidonda akatwe mguu. Inasema kidonda kikishaoza sana, kisu si adui tena. Adui ni siku zile zilizopita kabla ya kufika. Basi hesabu njema inataka safu tatu: waliopona na miguu yao, waliokatwa, na waliofariki. Safu moja ikikosekana, tutadanganyika.

NCHINI KWETU WAMEFANYA NINI?

Baada ya kuona vifo hivyo, wataalamu hawakukaa bure. Kuanzia mwaka 2004 ulifanyika nchini mpango wa mafunzo uliotwa Hatua kwa Hatua. Katika kuuongoza alikuwamo Dakta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa hapa na wa nchi za nje. Daktari na muuguzi walikwenda wawili wawili kutoka mikoani. Walifundishwa kukagua miguu, kusafisha vidonda, na kuwafundisha wagonjwa. Walirudi kazini kwao na vifaa, wakafundisha wenzao. Baadaye waliitwa tena kwa mafunzo ya juu zaidi. Mwaka 2011 waliandika kwamba utunzaji wa vidonda ulikuwa bora zaidi, na kwamba kliniki za miguu za kudumu zilikuwa zimeanzishwa sehemu mbalimbali za nchi.

Mpango huo unatukumbusha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wazee wetu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma, halafu wakachukua majembe wakachimba vyoo. Hawakungoja daktari aje kuwachimbia. Na sisi tusingoje.

SISI TUNAWEZA KUHESABU NINI?

Hatuwezi kuhesabu miguu ya nchi nzima. Hiyo ni kazi ya hospitali na Serikali. Lakini kuna hesabu moja ambayo kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari inaweza kuiandika. Ni hesabu ya siku.

Chukua daftari. Chora safu nne. Ya kwanza: tarehe kidonda kilipoonekana. Ya pili: kiko wapi, mguu wa kulia au wa kushoto, kidoleni au kwenye unyayo. Ya tatu: tarehe mgonjwa alipofika zahanati au kituo cha afya. Ya nne: tarehe kilipopona, au alipopelekwa mbele. Halafu toa tarehe ya kwanza katika tarehe ya tatu. Jibu ni siku ulizochelewa. Jibu likiwa 0 au 1, hongera. Likiwa 14, hapo ndipo miguu inapopotelea.

Daftari hilo ni la mgonjwa mwenyewe. Siyo la kusomwa kilabuni. Alipeleke kwa mganga wa zahanati kila anapokwenda. Mganga akiona tarehe zimeandikwa, atajua kidonda kina umri gani, na atajua mapema kama kinapaswa kupelekwa kwa wataalamu.

Kuna na kipimo kingine rahisi, ambacho nacho kilitoka kwa madaktari wa Ipswich. Mgonjwa avue viatu, alale, afumbe macho. Mtu wa nyumbani amguse taratibu kwa ncha ya kidole chake, bila kubonyeza wala kutekenya. Aguse kidole gumba cha mguu, kidole cha katikati na kidole cha mwisho. Afanye hivyo miguu yote miwili. Jumla ni mara 6. Kila akiguswa mgonjwa aseme, "Kulia," au "Kushoto." Akishindwa kusikia mara 2 au zaidi, huenda miguu yake ina ganzi. Aende zahanati akaangaliwe, hata kama hana kidonda.

Na kila siku tukumbuke haya:

1. Tazama miguu, juu, chini na katikati ya vidole. Kama macho hayaoni vizuri, mwombe mjukuu.

2. Osha miguu na uikaushe, hasa katikati ya vidole. Maji ya moto yapime kwa kiwiko, siyo kwa mguu.

3. Usitembee peku, hata uani. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa.

4. Usiote moto kwa miguu wakati wa baridi. Mguu wenye ganzi utaungua bila wewe kujua.

5. Weka nafaka mbali na pale unapolala, na chomeka chandarua vizuri.

6. Usiweke kwenye kidonda samadi, majivu wala unga wa betri. Kioshe kwa maji safi, kifunge kwa kitambaa safi, uende zahanati.

7. Tumia dawa ya kisukari kama ulivyoelekezwa, na usiache kwa kuwa unajisikia vizuri.

8. Ukiona kidonda, uvimbe, joto, weusi au harufu mbaya, nenda siku hiyo hiyo au kesho yake. Usingoje gulio, usingoje mavuno.

Sasa turudi kwa yule jirani anayesema, "Huko wanakata tu." Msigombane naye. Mkalisheni, mpeni maji, halafu mwulizeni yale maswali manne. Kati ya wangapi? Kilikatwa nini? Huyo fulani alikaa na kidonda nyumbani siku ngapi kabla ya kwenda? Na wale waliokataa kwenda, wako wapi leo? Huenda akanyamaza. Huenda akasema, "Kwa kweli alikaa miezi miwili." Basi hapo mmeanza kufanya hesabu pamoja.

Ndugu wahitimu, tulipojifunza kuhesabu wengi tulifikiri ni kwa ajili ya mizani ya mnunuzi wa alizeti, asitupunje. Ni kweli. Lakini kuna mizani nyingine pia, ya habari tunazoambiwa. Nayo tusikubali itupunje.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kliniki moja ilipokea wagonjwa 200 wenye vidonda, na 10 wakakatwa mguu. Nyingine ilipokea 25, na 3 wakakatwa mguu. Ni watu wangapi katika kila 100 kwa kila kliniki?

2. Kabla ya kusema kliniki moja ni bora kuliko nyingine, ni mambo gani mengine mngetaka kuyajua?

3. Katika kijiji chenu, ni nini kinachowachelewesha wagonjwa kufika zahanati: nauli, kazi za shamba, hofu, au maneno ya watu? Kikundi kinaweza kufanya nini?

 Elimu haina mwisho.